Kwa Nini Mate Huwa Mazito Mtu Anapoogopa

Tulieni, msitazametazame mlangoni, nami nisije nikasahau nilipofika. Zamani mate ya binadamu yalikuwa maji matupu. Mtu akifurahi, yalitoka. Akiogopa, yalimwagika mpaka kidevuni. Mnacheka, lakini watu walikufa. Simba wa Ugogo walifuata tu matone mavumbini.

Ndani ya kila shavu aliishi mlinzi aitwaye Tezi, katika chumba chenye mlango mmoja. Utulivu alipobisha, Tezi alifungulia maji. Hofu naye alibisha hapo hapo, tena kwa mateke, na Tezi kwa kuchanganyikiwa alifungulia yote.

Mwaka mmoja wa ukame, mama aitwaye Sechelela alikuwa akimtafunia mwanawe uwele, kama wanawake wa kwao walivyofanya, simba akatokea. Alikimbia na mtoto mgongoni, mdomo ukibubujika. Akajificha pangoni, matone yakamtaja. Akahamia pango jingine, yakamtaja tena. Mtoto akaanza kulia kwa njaa. Sechelela alitia mdomoni uwele uliobaki kiganjani, lakini maji yaliusomba nusu ukamwagika, na alipompa mtoto kidogo, akautema; ukabaki kidogo tu mdomoni mwa mama. Simba alikuwa karibu.

"Wewe Hofu, unatuua," alinong'ona kwa hasira. "Huna mlango wako?"

"Sina, mama. Nabisha ninapopaona."

"Basi toboa."

Hofu akatoboa ukuta wa nyuma, kule Tezi alikoweka dawa ya kulainisha nafaka. Tezi aliposikia mlango mpya ukigongwa, alitoa dawa nyingi na maji kiduchu. Ulimi wa Sechelela ukanata kama aliyelamba mlenda. Matone yakakoma. Ule uwele kidogo aliokuwa nao mdomoni ukalainika, ukawa mtamu, na mtoto akala akanyamaza. Simba alizunguka, akarudi, akazunguka tena. Mavumbi yalikuwa makavu. Akaenda zake.

Na tangu siku hiyo Hofu hubisha mlango wake wa nyuma, na mate huwa machache na mazito. Tatizo ni kwamba Hofu hajui kutofautisha simba na kikao cha wakwe. Kwa hiyo mkimwona mtu amesimamishwa mbele ya wazee, ulimi umemnata, msikimbilie kusema anadanganya. Mwili wake unadhani umejificha pangoni na mtoto. Mpeni maji kwanza, ndipo mumuulize.