Waya wa Mwanamvua

Ngano hii nilipewa na mama mkwe wangu, Bi Riziki, jioni moja tukichambua mchele. Sogeeni nami niwape.

Jini wa bahari alimgeuza Kombo kuwa papa. Mkewe, Mwanamvua, alipolia ufukoni, jini akamhurumia. "Mwite kwa mshipi wa uzi mtupu. Mkishazungumza ataukata, ataondoka, na ukimwita atarudi."

Mwanamvua akatia chambo cha pweza, akatupa. Papa akaja mpaka maji ya magotini.

"Hujambo, mke wangu? Bado wakoroma?"

"Mwongo! Mkoromaji ni wewe!"

Wakacheka, akakata uzi, akaenda. Mara ya pili akatia jodari. Akaja, wakacheka, akakata uzi, akaenda.

Mara ya tatu Mwanamvua hakustahimili kumwona akienda tena. Juu ya ndoana akafunga waya, kama wavuvi wa papa wafanyavyo, ili meno yasikate. Kombo akauma waya, akauma tena. Mwanamvua akavuta, akamtoa mpaka mchanga mkavu.

"Mke wangu," akasema akihema, "kesho ningerudi."

Akafia mapajani mwake.

Asubuhi iliyofuata jioni ile ya mchele, mume wangu, ambaye likizo yake ilikuwa imekwisha, aliaga kurudi kazini ng'ambo. Nilimfungia mkate wa njiani, wala sikumshika shati.