Mtamba Mmoja, Wadai Watatu

Sogeeni, na mwenye jibu alishike mdomoni mpaka nimalize.

Nafuna alijaliwa macho: mumewe akificha jambo, alilijua kwa jinsi alivyoketi. Rael, mama yake Nafuna, alijaliwa mkono: hospitalini kwao ni yeye tu aliyejua kuiongoza mashine ya altrasaundi, ile inayoonyesha ndani ya mwili bila kupasua. Daktari Sitati alijaliwa kisu, na kisu chake hakikuyumba.

Asubuhi moja Kundu, mume wa Nafuna, alishikwa na maumivu ya ghafla kwenye korodani. Akajikunja, akatapika.

"Ni ngiri tu," alisema. "Nichemshie mizizi. Ukimwambia mtu, utarudi kwenu."

Nafuna alijua kwamba korodani ya pili ilisinyaa ujanani, kwa matubwitubwi. Hii ikiharibika, hawatapata mtoto.

"Basi nitarudi kwetu," akajibu, "lakini kwanza panda pikipiki ya jirani."

Hospitalini, Daktari Sitati alimpima akakunja uso. "Kama ni maambukizi, dawa zitatosha. Kama imejisokota, damu haifiki, lazima nipasue sasa hivi. Kwa mkono siwezi kutofautisha. Nataka picha."

Kundu akaapa mbele ya wote: "Atakayeniokoa, nampa ng'ombe wangu mtamba!"

Kisha akaingizwa kwenye chumba cha picha, akamkuta mama mkwe wake.

Kwao, mtu na mama mkwe hawapeani hata mkono. Wakikutana njiani, mmoja huingia shambani. Kundu alivuta shuka mpaka shingoni.

"Mama, heri ioze!"

"Ikioza, wajukuu wangu utawazaa kwa magoti?" Rael alisema. "Nitatazama kioo, sitakutazama wewe. Funua."

Akapitisha kifaa taratibu. Kwenye kioo cha mashine, damu inayotembea huonekana kwa rangi. Pale hapakuwa na rangi hata chembe.

"Daktari, damu haipiti!"

Sitati hakungoja. Alipasua, akaisokotoa korodani ikiwa imeshaanza kuwa nyeusi, wekundu ukarudi, akaishona isijizungushe tena.

Kundu akapona. Ndipo wazee wa ukoo walipoketi kugawa mtamba, na hapo ndipo ninaposhindwa kunyamaza.

"Mtamba ni wa daktari," alisema Wanjala, baba mdogo wa Kundu. "Nafuna alitangaza siri ya mumewe, ashukuru hafukuzwi. Na huyu Rael aliyemwona mkwe wake uchi atoe kondoo, nyumba itakaswe."

Kondoo! Kwa kazi ile! Na Kundu, mzima wa afya, aliinamia kikombe chake cha chai, akaongeza sukari.

"Bila picha ile ningempa vidonge aende nyumbani," Daktari Sitati alisema.

"Na bila kisu chako, picha ingemfaa nini?" Wanjala akamrudishia.

"Bila mimi mngekuwa bado mnachemsha mizizi," Nafuna alisema.

Rael alisimama, akafunga leso yake vizuri. "Kondoo sitoi," akasema, akaenda kazini.

Mmoja alihatarisha ndoa yake, mmoja heshima yake, mmoja alifanya kazi yake bila kukosea. Mtamba ni mmoja, hagawanyiki.

Haya, semeni ninyi: kamba yake mngemkabidhi nani? Na kondoo je, mngemdai nani?