Bima Haifungi Saumu

Ndugu yangu, kama unashika usukani, yasome haya taratibu, kisha mfikishie dereva mwenzako.

Hemedi Shekue alikuwa dereva wa pikapu huko Muheza, akipeleka machungwa Tanga mjini. Asubuhi moja alimgonga Mzee Kilua, fundi viatu, aliyekuwa akivuka barabara kwenda kibandani kwake. Mzee alikata roho kabla ya kufikishwa hospitali.

Hemedi aliandika maelezo yake ya ajali. Polisi wakafunga jalada, bima ikalipa, pikapu ikatengenezwa, na mjane akaletewa fidia nyumbani akiwa edani.

Siku moja baada ya sala ya Alasiri, imamu wa msikiti wao akamuuliza, "Hemedi, jambo la Mzee Kilua umelimalizaje?"

"Limekwisha, Sheikh. Nina bima kubwa. Wamelipa kila kitu."

"Fidia wanaweza kukulipia. Lakini aliyeua kwa kukosea ana kafara, nayo ni baina yake na Mola wake: kufunga miezi miwili mfululizo. Hao wa bima watakufungia?"

Hemedi alianza kufunga Jumatatu iliyofuata.

Siku ya thelathini na nane homa kali ikamshika, akafungua. Alipopona alianza upya, siku ya kwanza. Mkewe alilia kwa jinsi alivyokonda, lakini aliifikisha miezi yake.

Ndipo akaenda kwa mjane, Bi Mwanakombo, ambaye eda yake ilikuwa imekwisha.

"Nimekuja uniwie radhi, mama."

"Kifo nimekusamehe, mwanangu. Siku zake zilifika. Ila kuna kitu kinanichoma. Binti yangu Salha alinisomea zile karatasi za bima. Zinasema mzee alijitupa barabarani bila kutazama. Tangu siku hiyo Salha hamtaji baba yake. Anasema alijitakia. Hebu niambie, kweli alijitupa?"

Maneno yale aliyaandika Hemedi mwenyewe katika maelezo yake. Shahidi hakuwapo, na angesema "ndiyo" mambo yangeishia pale.

"Hapana, mama. Alikuwa ameshafika katikati ya barabara. Mimi nilikuwa naandika ujumbe kwenye simu. Nilipoinua macho, alikuwa amenyoosha mkono, ananiomba nisimame."

Bi Mwanakombo alijifunika uso kwa mtandio wake. Kisha akaita, "Salha! Njoo hapa."

Binti akatoka.

"Rudia," mama akamwambia Hemedi.

Hemedi akarudia, neno kwa neno, machozi yakimtoka. Kisha akaaga, akaenda kwa miguu mpaka kituo cha polisi, akaomba jalada lifunguliwe tena, huku akijua kwamba huenda asirudi nyumbani.

Jioni ile Salha alimsomea baba yake Yasini, kwa mara ya kwanza tangu azikwe.

Funzo: Bima inaweza kumlipa uliyemdhuru, lakini haiwezi kukufungia saumu, wala kusema kwa niaba yako ukweli ulioufukia. Hayo mawili kila mtu atayabeba mwenyewe, na ni heri ayatue angali hai.