Barua Zilizoangukia kwa Wanakwaya

Ukigawa nyumba, mkumbuke aliyekuwemo. Mmeisikia leo na mnataka kujua imetoka wapi. Basi sogeeni: methali hii ilizaliwa ofisini, kwenye ushirika mmoja wa wafuga nyuki.

Fundi wa kompyuta pale alikuwa Kabula. Ushirika ulikuwa na seva moja, kompyuta inayohudumia mtandao, na kazi yake ilikuwa barua pepe tu. Ukiandika anwani ya ushirika, sanduku la barua linafunguka. Siku moja Kabula akaigawa ili ibebe na tovuti mpya: ya kwaya ya wanachama, ya vikoba vya kuweka na kukopa, na ya duka la asali. Kila tovuti akaiandikia jina lake. Zote zikafunguka vizuri, naye akaenda nyumbani akipiga mluzi.

Asubuhi katibu, Mzee Shija, akamjia mbiombio.

“Binti, nafungua barua, napokewa na kwaya! Mnunuzi anangoja jibu kabla ya adhuhuri. Tukichelewa ananunua kwingine, na asali ya msimu mzima itatudodea.”

Kabula aliingiwa na hofu. Akaizima programu ya barua, akaiwasha. Akabadili nywila. Wapi! Kwaya ile ile pichani, na majoho yake ya zambarau, inamchekea. Akaanza kuwachukia waimbaji wasio na kosa.

“Mbona wa duka na wa vikoba hawapotei?” mzee akauliza.

“Kila mmoja nimemwandikia jina, mzee wangu. Anayekuja na jina lisiloandikwa, seva humpeleka kwa wa kwanza, yaani kwaya.”

“Na barua zetu umeziandikia jina gani?”

“Hazikuhitaji. Zilikuwemo zenyewe tu...” Kabula akajishika mdomo.

Mzee Shija akaangua kicheko. “Mjomba wangu naye alipangisha vyumba vyote, yeye akalala barazani!”

Kabula akaandika jina la barua pepe, akaiwasha seva upya. Sanduku likafunguka. Mzee akajibu jua halijafika utosini, na wiki ile ile lori likaja kuchukua madumu ya asali.

Kabula hakuwa mvivu, wanangu. Aliwahangaikia wageni wote. Aliyezoeleka ndiye aliyemponyoka. Wenzake walimtania kwa maneno yaliyotokana na kisa cha mjomba yule, nayo yakasambaa hadi kwenu: ukigawa nyumba, mkumbuke aliyekuwemo.