Kamba ya Mbuzi wa Namkunda

"Usikaze kamba, muulize aifunguaye." Mmeisikia leo kikaoni mkacheka, mkadhani ni habari ya mbuzi tu. Basi sogeeni niwaeleze ilikotoka.

Huko milimani Upare aliishi mjane, Bibi Namkunda. Watoto wake walishuka tambarare kutafuta maisha, wakabaki huko huko. Kila asubuhi alikunywa uji, akasuuza kikombe, kisha akamfungua mbuzi wake kwa mkono wake mwenyewe. Mbuzi akashuka moja kwa moja kwenye maharage ya jirani, Sekiete. Haukupita muda, sauti ikapanda: "Bibi! Huyu mbuzi wako ana meno au ana panga?" Namkunda akatoka amejitanda kanga, akaomba radhi, wakabishana mpaka jua likawa kali. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya siku.

Sekiete alileta kamba ya katani. Akaleta nyingine, nene zaidi. Akamchapa mbuzi, na Namkunda akampaka mafuta mgongoni huku moyo ukimsuta.

Asubuhi moja Namkunda alitega sikio, asisikie kitu. Sekiete alipanda na mbuzi, akamfunga, akaondoka bila neno. Mkewe alikuwa amemwambia kwamba kelele hazijaokoa hata shina moja. Namkunda akabaki mlangoni, radhi yake mdomoni. Mchana akamfungua tena mbuzi. Jioni tena. Siku zilizofuata maharage yaliliwa kuliko wakati wowote, na jirani hakufungua kinywa.

Alipokuja kukifungua, alikuwa na kisu kiunoni.

"Leo tunamchinja, bibi. Nyama yote kula wewe, ila maharage yangu yapone."

Namkunda akamkumbatia mbuzi shingoni. "Hana kosa huyu, baba."

"Hana kosa! Na kamba zote hizi…" Sekiete aliinama kuiokota kamba, akasita. Haikukatika. Haikutafunwa. "Bibi, mbuzi hana vidole. Nani anafungua fundo hili?"

"Mimi."

"Nimekukosea nini?"

Namkunda alitikisa kichwa. Macho yake yalikwenda kwenye kigoda cha pili kando ya mlango, kilichojaa vumbi kwa kukosa wa kukikalia. Sekiete naye akakiona. Akakifuta kwa kiganja, akaketi.

"Uji umebaki?" akauliza.

Tangu hapo alipita kumwamkia kabla ya kwenda shambani, na mbuzi akafungwa kwa ugwe wa mgomba tu, asionekane tena kwenye maharage.

Kisha ikaja asubuhi Sekiete akachelewa. Uji ulipoa. Mkono wa Namkunda ulikwisha kugusa fundo, akaurudisha. Akaenda ukingoni mwa ua, akaita kwa sauti ambayo hata yeye ilimshtua:

"Sekiete! Mbuzi yupo hapa, hajaenda popote! Njoo tu tukae, mwanangu. Niko peke yangu."

Ndiyo maana, wanangu, tunasema: usikaze kamba, muulize aifunguaye.