Pima Vumbi, Andika Sayari

Kulikuwa na mama mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kupima nyota. Naona wengine mmeanza kutazamana. Ndiyo, watu wanalipwa kwa kazi hiyo, na ni ngumu kuliko kukaa kwenye benchi na kusinzia.

Nyota zile za mbali, wapendwa, ni majua kama hili letu. Baadhi yake zimezungukwa na vumbi na vipande vya mawe, vimetandaa bapa kama chapati, nyota ikiwa katikati. Na humo huweza kuwemo sayari kubwa, kubwa kuliko dunia yetu mara mia kadhaa, nayo inaizunguka nyota. Sayari hiyo imetokana na vumbi lililokuwepo tangu mwanzo. Kwa hiyo watu hutegemea izunguke sambamba na vumbi, isipande wala isishuke.

Pale kazini kwa huyo mama walikuwa na daftari. Kila nyota ina mstari wake: vumbi limeinama kiasi gani, na njia ya sayari imeinama kiasi gani. Vumbi unalipima kwa mwaka mmoja tu. Sayari lazima uifuate miaka kumi, maana inatembea polepole. Sasa nani ana miaka kumi ya kupoteza? Mkubwa wao, mzee wa heshima zake, aliwafundisha njia ya mkato: "Pima vumbi, andika sayari. Hao ni ndugu wa tumbo moja."

Yule mama akaifuata sayari moja miaka kumi. Alipomaliza hesabu, akaona haziendi pamoja. Vumbi limelala hivi, sayari inapita hivi, inapanda juu na kushuka chini, na vumbi lililo karibu nayo limeshaanza kupinda. Asubuhi akaenda ofisini.

"Shikamoo, Mzee. Sayari hii haiendi na vumbi lake."

"Marahaba. Umekosea, mwanangu. Rudia."

Akarudia mwezi mzima, jibu likawa lilelile. Akaenda tena. Mzee akacheka. "Nyota ile? Vumbi lake ndilo lililonyooka kuliko yote daftarini. Darubini yako mbovu."

Mara ya tatu hakucheka. "Ukiniletea tena namba hii, mama, utafute kazi kwingine."

Alikuwa na watoto wanne, na kazi ile ndiyo iliyowalisha. Hata hivyo alisema, "Nitaondoka, Mzee. Ila nionyeshe kwanza nani aliyewahi kuipima sayari hii."

Mzee akafungua daftari kwa hasira, amwaibishe. Akafunua kurasa za miaka kumi na tisa. Hakuna aliyeipima. Akaenda nyota ya pili, ya tatu, ya arobaini. Hakuna. Daftari zima, ndugu zangu, limejaa namba za sayari, na hakuna hata sayari moja iliyopimwa. Mzee akakaa chini.

Mnawashangaa? Mimi siwashangai wao. Natushangaa sisi.

Kuna dada wa usharika huu alikuja mbele ya baraza la wazee mara tatu, akasema, mume wangu ananipiga. Mnajua utaratibu wetu, ugomvi wa ndoa hauendi popote kabla ya kupita barazani. Tukauliza nini? Tukauliza mume ni mtoto wa nani. Tukajibiwa kwamba babu yake ndiye aliyetoa kiwanja cha kanisa hili, na mama yake ndiye mwenyekiti wa akina mama. Basi tukamwambia dada arudi nyumbani akavumilie, ile ni familia ya kanisa. Na mimi, mchungaji wenu, nikafunga kikao kwa sala. Mara zote tatu.

Jana nilimkuta hospitalini. Mkono umevunjika sehemu mbili, jicho moja halifunguki. Akaniuliza, "Baba Mchungaji, safari hii mtaniamini?" Nimeomba kwenye vitanda vya wagonjwa miaka ishirini na sita. Jana sala haikutoka.

Nikawaita wazee. Nani kati yetu aliwahi kwenda kwenye ile nyumba akapiga hodi? Hakuna. Nani aliwauliza majirani? Hakuna. Tulipima ukoo, tukaandika mtu.

Je, ni wangapi humu ndani tunaoaminiwa kwa majina ya baba zetu tu? Na ni wangapi tuliowafungia mlango kwa sababu ya majina ya baba zao?

Leo hakuna mnada wa mazao ya sadaka. Ibada ikiisha, baraza lote pamoja nami tunakwenda polisi, tukaeleze tuliyoyasikia tukayanyamazia. Na wewe ndugu, uliyekaa safu ya tatu upande wa kinanda, umeimba vizuri asubuhi hii. Usitokee mlango wa nyuma. Leo hakuna anayekuuliza wewe ni mtoto wa nani.