Nguchiro na Hesabu ya Nyoka

Hapo zamani, wanyama walipokuwa na maghala na mameneja wa kuyasimamia, Bi Nguchiro alikuwa akifua, povu limempanda hadi viwiko, aliposikia mlangoni:

"Kek-kek-kek! Hodi, shoga! Acha kufua, unafukuzwa!"

Alikuwa Kanga, jirani yake, asiyeweza kulala na habari tumboni.

"Nafukuzwa na nani?"

"Na Meneja Nyati! Ghala limepata jina jipya na kaulimbiu mpya, 'Tunaonekana!' Kila mfanyakazi amepimwa. Kiboko kahesabu magunia mia mbili. Wewe mlinzi, nyoka uliowaua mwaka mzima ni sufuri. Jua likizama utoke kwenye nyumba ya kazi, wewe na wanao watano."

Bi Nguchiro akakamua shati, akalianika. Nyoka walikuwa hawaji kwa sababu kila alfajiri yeye huzunguka ghala akiziba mashimo. Lakini nani anahesabu shimo lililozibwa?

Akaenda ofisini. Nyati alikuwa kitini, kofia mpya ya kijani ikining'inia kwenye pembe yake moja. Kiboko, karani wake, alikuwa amevaa ya kwake kwenye sikio moja, maana kichwani haikuenea.

"Bwana Meneja, nyoka hawaji kwa kuwa nawazuia."

"Mama, mimi sipimi kisichokuja. Nataka matokeo. Umeua wangapi?"

"Sufuri."

"Basi, umejihukumu mwenyewe. Barua yako ya kufukuzwa hii hapa mezani."

"Ho! ho! ho!" Kiboko akacheka. "Mwaka mzima analipwa kwa kulala!"

"Haya, wakubwa," akasema Bi Nguchiro, akatoka.

Nyuma ya ghala, kati ya mawe, aliokota gamba alilojivua nyoka aina ya swila. Akalijaza pumba, akalifunga uzi. Wakubwa walipokwenda kunywa chai, akalificha chini ya kiti cha Nyati, kisha akajibanza nje ya dirisha, uzi mkononi.

Nyati akarudi, akakaa. Uzi ukavutwa. Chwaaa!

"Mama weee! Nyoka!" Nyati akarukia mezani. Krakk! Meza ikavunjika miguu. Kiboko akakimbilia mlangoni, akanasa kiunoni, nusu ndani, nusu nje.

"Nguchiro! Mwiteni Nguchiro!"

"Nipo hapa dirishani," akajibu kwa upole. "Ila mimi si mlinzi tena. Nakwenda kufunga virago."

"Nani kakufukuza? Mimi? Thubutu!"

"Ile barua je?"

Charara! Nyati akaichana kwa meno.

"Na mwakani mtanipima kwa kitu gani?"

Chwaaa!

"Kwa siku zilizopita bila nyoka! Andika, Kiboko!"

"Naandikaje nami nimenasa?"

"Andika hivyo hivyo!"

Kiboko akaandika ukutani, Nyati akatia sahihi kwa kwato. Ndipo Bi Nguchiro akaruka ndani, parakacha! Vumbi likatimka, akamburura "nyoka" hadi kwenye jalala, akamchoma kabla mtu hajapata ujasiri wa kumtazama vizuri.

Basi wanangu, zipo kazi ambazo hupimwa kwa yale yasiyotokea.

Jioni Bi Nguchiro akashusha pumzi ndefu, akapakua ugali na kisamvu, akahesabu vichwa: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Wote wapo. Wa sita alikuwa Kanga, hakualikwa, lakini alishavuta kigoda.